Sura ya Tano: Pete Inayowinda Watu Wema

Pete mashuhuri kuliko zote katika riwaya za fantasia ilianza kama kichezeo. Septemba 1937, J.R.R. Tolkien, profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa kitabu cha watoto kiitwacho The Hobbit. Ndani yake yumo Bilbo Baggins, mmoja wa mahobiti, watu wafupi wenye miguu ya manyoya wanaopenda kula vizuri, kunywa chai na kukaa kwao. Safari ambayo hakuitafuta inamfikisha chini ya milima, kwenye giza totoro, na huko akipapasa sakafu ya pango mkono wake unagusa pete. Anaitia mfukoni. Baadaye anagundua kwamba anayeivaa haonekani. Hapo haikuwa na siri nyingine: ilikuwa chombo cha kumponya shujaa, mwenzake zulia lirukalo la Alfu Lela Ulela.

Hata aliyeipoteza hakuwa wa kutisha sana. Gollum, kiumbe aliyeishi kando ya ziwa huko chini ya ardhi, alishindana na Bilbo kwa vitendawili na kuahidi kwamba akishindwa atatoa zawadi. Aliposhindwa alikwenda kuitafuta pete yake ili aitoe. Hakuiona, akaomba radhi mara nyingi, na kwa kuwa zawadi imekosekana akamwonyesha mgeni njia ya kutokea. Wakaagana kwa amani.

Mchapishaji akataka kitabu cha pili. Tolkien alitafuta uzi wa kuunganisha hadithi mbili, akaushika kwenye pete. Kila alivyoendelea kuandika, pete ile ilizidi kuwa nyeusi, hadi ikawa Pete Moja, kazi ya mikono ya Sauron, Bwana wa Giza, kitu kisichoweza kumtoka mtu bila kumrarua roho. Kisha akakwama. Kiumbe aliyeshikwa na pete ya namna hiyo kwa karne nyingi angewezaje kuiweka rehani kwa kitendawili? Ikabidi aiandike upya sura ile, na toleo lililorekebishwa likatoka 1951. Katika sura hiyo mpya Gollum hana nia ya kumpa mtu chochote. Anaifuata pete ili aivae, arudi bila kuonekana, amuue Bilbo na kumla. Anapogundua imetoweka, anapiga kelele za mwizi.

Na nakala za 1937 zilizokwisha kuingia majumbani? Tolkien hakujifanya kwamba hazipo. Katika The Lord of the Rings, riwaya yake kubwa iliyotoka kwa mafungu matatu mwaka 1954 na 1955, anatueleza kwamba hadithi ya zawadi ilikuwa uongo wa Bilbo. Hobiti mwaminifu, asiye na tabia ya kudanganya, aliwaambia wenzake kwamba aliahidiwa pete, ili mtu asije akahoji uhalali wake wa kuwa nayo. Mchawi Gandalf aliposikia kisa hicho alianza kuingiwa na wasiwasi. Makosa ya mwandishi yakageuzwa dalili ya ugonjwa wa mhusika. Sijui mwandishi mwingine aliyesahihisha kitabu chake kwa ujanja kama huo.

Sura hii inahusu uongo ule wa Bilbo. Wengi husema Pete ni alama ya madaraka, na madaraka huharibu. Ni kweli, lakini ni kweli ya juujuu. Madaraka humharibu mtu kwa kupitia mlango fulani, na Tolkien alijua mlango huo uko wapi. Pete haimwambii mtu atende uovu. Inamwambia kwanza kwamba yeye ndiye mwenye haki nayo, kisha kwamba ataitumia vizuri.

Pete za namna hii zilikuwapo kabla yake. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Plato aliandika ndani ya Jamhuri kisa cha mchungaji wa Lydia ambaye vizazi vya baadaye vimezoea kumwita Gyges. Tetemeko lilipasua ardhi, mchungaji akashuka shimoni, akavua pete ya dhahabu kidoleni mwa maiti. Alipoigeuza upande wa ndani wa kiganja hakuonekana. Alimlaghai malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Anayekisimulia kisa, Glaucon, anataka kujua kama mtu mwema na mtu mbaya wangetofautiana wakipewa pete hiyo wote wawili. Swali ni zito, lakini pete yenyewe haina hatia. Imeondoa macho ya watu tu, na mengine mchungaji alikuwa nayo tayari moyoni.

Kwa watu wa kaskazini ya Ulaya ubaya ulitoka kwa aliyedhulumiwa. Kibete Andvari alipokonywa dhahabu yake yote pamoja na pete ya mwisho, akailaani. Na Fafnir, aliyemuua baba yake mzazi ili apate mali hiyo, akageuka joka na kuilalia. Tolkien alizijua hadithi hizi tangu utotoni. Richard Wagner alizitia katika opera zake nne, zilizoonyeshwa zote kwa mfululizo huko Bayreuth mwaka 1876, na humo ndimo pete ilipopata uwezo wa kutawala dunia, kwa bei ya mtu kuukana upendo. Tolkien hakutaka kabisa kufananishwa na Wagner. Alidai kwamba pete zao zimefanana kwa umviringo tu. Nadhani alikuwa mkali kupita kiasi.

Wasomaji wa pwani wamekua na pete nyingine, ya Nabii Suleiman. Baadhi ya wafasiri wa zamani walisimulia, na wanazuoni wengine wakakikataa kisa hicho, kwamba jini aliiiba pete, akakaa kwenye kiti cha enzi kwa siku arubaini, akaitupa baharini, mpaka ikapatikana tumboni mwa samaki. Pete hiyo humtii anayeishika, awe nabii au jini, lakini haimgeuzi. Suleiman anarudi kwenye kiti chake akiwa Suleiman yuleyule.

Pete ya Tolkien ni kitu kingine. Ina mwenyewe. Sauron alipoitengeneza katika moto wa Mlima wa Maangamizi alimimina humo sehemu kubwa ya nguvu zake, na nguvu hizo zinataka kurudi kwao. Pete hujibana na kujilegeza kidoleni. Humtoka mtu inapoona hana faida kwayo tena. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hii hukaa mfukoni, au shingoni kwenye mnyororo, ndani kabisa ya shati.

Sasa tuwaangalie walioishika, na maneno waliyoyasema walipoishika. Wa kwanza ni Isildur, aliyemkata Sauron kidole vitani. Washauri wake wakamsihi aitupe Pete motoni, kwani mlima ulikuwa palepale. Alikataa, akasema ni fidia ya damu ya baba yake na ndugu yake waliouawa katika vita hivyo. Ukiisikiliza hoja hiyo bila kujua mwisho wake, utaona ni hoja ya haki kabisa. Haikupita miaka mingi, Isildur akaviziwa na maadui, akajitosa mtoni akiwa ameivaa Pete ili asionekane. Pete ikamchomoka kidoleni majini. Wapiga mishale wakamwona, wakamuua.

Pete ikalala mtoni miaka zaidi ya elfu mbili, mpaka Déagol, mvuvi wa jamii iliyo karibu na mahobiti, alipoiibua. Rafiki yake Sméagol alikuwa naye. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Sméagol, akaiomba Pete iwe zawadi yake. Déagol akakataa, kwani alikwisha kutoa zawadi nyingine. Sméagol akamkaba koo mpaka akafa. Ndiye huyo aliyekuja kuitwa Gollum. Karibu miaka mia tano baadaye, akiwa ameua na kuiba na kusahau jua, bado alikuwa akishikilia hadithi kwamba Pete aliipata kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa akijitetea peke yake pangoni.

Kwa hiyo Isildur alikuwa na fidia, Gollum zawadi, Bilbo ushindi wa vitendawili. Kila mmoja alijiandikia hati. Hati hizo ndizo zinazonivutia kuliko miujiza yote iliyomo katika kitabu. Mwizi wa kawaida hajisumbui kutunga hati. Anayezitunga ni mtu ambaye bado anataka kuwa mwema, na Pete inamhitaji mtu huyo. Aliyekwisha kuoza haina cha kumfanyia.

Ndiyo sababu Gandalf anaiogopa kuliko wote. Frodo, mrithi wa Bilbo, anapogundua alichoachiwa, anamwomba mchawi aichukue: ana busara, ana nguvu, nani anayefaa zaidi? Gandalf anashtuka na kukataa. Njia ya Pete kuufikia moyo wake, anasema, ingekuwa ile huruma yake kwa wanyonge na hamu ya kupata nguvu ili atende mema. Mwaka 1963, katika barua kwa msomaji, Tolkien alilisukuma wazo hili mbele zaidi. Gandalf mwenye Pete, aliandika, angekuwa mbaya kuliko Sauron. Angebaki mwadilifu, lakini mwadilifu wa kujiona, anayepanga maisha ya watu kwa faida yao. Chini ya Sauron watu walijua baya ni lipi na jema ni lipi. Chini ya Gandalf huyo, wema wenyewe ungewachefua. Msomaji aliyewahi kuambiwa na wakubwa kwamba jambo linafanywa kwa manufaa yake, naye hakuulizwa, hahitaji maelezo zaidi.

Pete humpimia kila mtu ofa kwa kipimo chake. Boromir, askari wa mji unaozidiwa vitani, anaona majeshi yakimfuata na nchi yake ikiokoka. Ni ndoto ya mzalendo, na ndiyo inayomfanya amrukie Frodo msituni. Galadriel, malkia wa miti na nyota, anaona enzi ambayo wote wataipenda hadi kukata tamaa. Anaitazama kwa muda, anacheka, anaiacha. Sam Gamgee, mtumishi wa Frodo, ni mtunza bustani. Anapoibeba kwa muda mfupi, mpakani mwa nchi ya adui, Pete aliyoichukua akidhani bwana wake amekufa, anajiona shujaa mwenye upanga wa moto, na jangwa lote la Mordor linageuka maua na matunda kwa amri yake. Kinachomwokoa ni mapenzi kwa bwana wake na akili ya kawaida: bustani moja ya kulima kwa mikono yake mwenyewe inamtosha. Na Gollum? Siku moja Sam anamsikia akinong'ona peke yake kuhusu atakavyokuwa akiipata Pete tena. Atakuwa mtukufu, atakula samaki wabichi kutoka baharini mara tatu kwa siku. Kile chombo cha kuitawala dunia kinamwahidi samaki! Huwezi kukicheka kipande hiki bila kuona haya kidogo, maana kila msomaji anaanza kujiuliza yeye angeahidiwa nini.

Yupo pia Saruman, mkuu wa wachawi, ambaye Pete hakuiona wala kuigusa. Aliisoma tu. Alichunguza ufundi wa adui kwa miaka mingi ili apate kumshinda, akaanza kuutamani, akajitengenezea pete yake, akaishia kukata misitu na kufuga majeshi kama ya yule aliyekuwa akimpinga. Boromir naye hakupata kuigusa. Kwa hiyo wanaosema sumu imo ndani ya dhahabu wanaeleza nusu ya jambo. Kutamani kunatosha.

Wasomaji wa miaka ya 1950 walidhani wamekwisha kuijua siri: Pete ni bomu la atomiki. Tolkien alikanusha. Sura inayoeleza Pete ni nini, alisema katika dibaji ya toleo la pili miaka ya 1960, iliandikwa kabla hata vita vya 1939 havijaonekana kuwa haviepukiki. Tena, aliongeza kwa ukali, kama hadithi ingefuata vita vile, Pete ingetekwa na kutumiwa dhidi ya Sauron. Hayo hakuyazua kwa ajili ya dibaji. Mwaka 1944 alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini akijifunza urubani wa kivita, katika nchi ambayo Tolkien mwenyewe alizaliwa, mjini Bloemfontein, mwaka 1892. Alimwambia kwamba washirika wanajaribu kumshinda Sauron kwa kutumia Pete. Watafanikiwa, lakini gharama yake ni kuzalisha akina Sauron wapya. Haya aliyaandika mtu aliyepigana Somme, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916 na kuwapoteza karibu marafiki zake wote wa karibu kufikia 1918. Hakuwa na shaka kwamba Hitler ni adui. Alichokitilia shaka ni chombo.

Wengine wameona dawa za kulevya, na ushahidi wao si haba: mkono wa Bilbo unaokwenda mfukoni bila yeye kujua, hasira yake anapoambiwa aiache, Gollum aliyekonda anayeichukia Pete na kuipenda, kama anavyojichukia na kujipenda. Tom Shippey, msomi aliyewahi kukalia kiti cha uprofesa kilichokuwa cha Tolkien huko Leeds, ameonyesha jinsi Pete inavyofuata mwenendo wa uraibu: mara moja si kitu, mara ya pili ni rahisi zaidi. Mchovya asali hachovyi mara moja. Ila uraibu haumwelezi Gandalf, anayeikataa kabla ya kuonja.

Tafsiri iliyo karibu zaidi na mwandishi ni ya mashine. Tolkien alitumia neno hilo kwa maana pana: kifaa chochote cha nje kinachofanya matakwa ya mtu yatimie upesi, bila kusubiri, bila kumshawishi mwingine. Mtu anatoa uwezo uliokuwa ndani yake, anautia kwenye kitu, na kuanzia hapo kitu hicho kikipotea naye amepotea. Ndivyo ilivyomkuta Sauron. Wasomaji wa Tanzania waliofundishwa kwamba cheo ni dhamana watalitambua wazo hilo haraka: Frodo anaitwa mbebaji wa Pete, wala haitwi mwenye Pete, na uzuri wake wote katika safari ile unategemea kuukumbuka ubebaji huo.

Wapo wawili ambao Pete haiwapati. Tom Bombadil, mzee wa ajabu wa msituni, anaivaa na bado anaonekana. Hataki kumiliki kitu, basi haina pa kumshikia. Faramir, nduguye Boromir, anaikataa kwa utulivu. Waliomjua kwa filamu za Peter Jackson pekee watashangaa, kwa sababu Jackson alimfanya ashawishike na kuwakokota mahobiti hadi Osgiliath, mji uliobomoka. Alihofia kwamba mtu asiyetikisika ataipunguzia Pete makali. Naielewa hofu hiyo, lakini nadhani alikosea: katika kitabu Faramir anaonyesha kwamba mtu anaweza kujizuia, ilimradi akatae mapema, kabla hajajitungia sababu.

Frodo hakuwa na nafasi hiyo. Aliibeba kwa miezi, ikimlemea zaidi kila hatua, na tarehe 25 Machi, siku ambayo Wakatoliki kama Tolkien huadhimisha Kupashwa Habari kwa Maria, alisimama ukingoni mwa moto ndani ya mlima. Hapo akasema Pete ni yake, akaivaa. Mbebaji akawa mwenyewe. Safari yote, vifo vyote, vikaishia kwenye dai lilelile la Isildur, tena kwenye mlima uleule.

Aliyeikomboa dunia ni Gollum. Alimrukia Frodo, akamng'ata kidole pamoja na Pete, na akiwa anacheza kwa furaha akateleza na kutumbukia. Katika filamu Frodo anapigana naye ukingoni na wote wawili wanaporomoka. Kwenye kitabu hakuna anayemgusa Gollum. Alikuwa hai siku hiyo kwa sababu Bilbo alimhurumia miaka mingi nyuma, akashindwa kumchoma upanga gizani, na kwa sababu Frodo na hatimaye hata Sam walimhurumia pia. Wapo wasomaji waliomwandikia Tolkien kwamba Frodo anastahili adhabu, hastahili heshima. Aliwajibu kwamba mzigo ule, mahali pale, baada ya mateso yale, haubebeki kwa nguvu za mtu yeyote. Aliihusisha sehemu hiyo na maombi ya mwisho ya Baba Yetu, yale ya kuomba kutotiwa majaribuni.

Hukumu hiyo naikubali. Riwaya nyingi za fantasia zilizofuata zimekopa kitu cha kichawi kinachoharibu, kuanzia upanga unaokunywa roho wa Michael Moorcock hadi kile kidani kinachowagombanisha marafiki watatu katika kitabu cha mwisho cha Harry Potter, na katika vingi vya namna hiyo shujaa hushinda kwa uthabiti wa nia. Tolkien alithubutu kuandika shujaa ambaye nia yake ilivunjika, akawaambia wasomaji wamheshimu hivyohivyo.

Nakala za Pete zinauzwa leo za dhahabu, za fedha na za chuma, maandishi ya Sauron yakiwa yamechorwa juu yake, na watu huzivaa hadi harusini. Tolkien aliwahi kuonja biashara hiyo mapema. Shabiki mmoja alimtumia kikombe cha chuma kilichochorwa maneno yale ya Pete. Hakukinywea hata mara moja. Alikifanya cha kukung'utia majivu ya kiko chake.